Jina la Mama katika Nasaba za Wafaransa wa Kanada

Anayesaka nasaba ya Wafaransa waliohamia bonde la mto Saint-Laurent hukutana mapema na neno dogo, "dit", yaani "aitwaye". Antoine Roy dit Desjardins alikuwa fundi wa mapipa aliyefika Kanada mwaka 1665 na rejimenti ya Carignan-Salières, yenye askari wapatao 1,200. Jeshini wengi walikuwa na lakabu: La Fleur (ua), Sansoucy (asiyejali kitu), Tranchemontagne (mkata milima). Askari wapatao 400 walibaki kulima, na lakabu zikabaki nao, zikarithiwa.

Wasaka nasaba wengi huziona lakabu hizo kama takataka za kufagia: chagua jina moja, futa la pili. Naona wanakosea, na kosa lao linaanzia kwenye dhana kwamba ukoo hushikwa na jina la baba. Katika koloni lile ndugu wa tumbo moja waliweza kuandikwa mmoja Roy, mwenzake Desjardins, na padri asione ajabu. Tena kati ya 1840 na 1930 watu wapatao 900,000 waliihama Quebec, wengi wakienda kwenye viwanda vya nguo vya New England. Huko Roy aliweza kugeuka King, na Desjardins akawa Gardner. Ukifuata jina la baba peke yake, uzi unakukatikia mkononi hata kabla hujamkaribia yule fundi wa mapipa.

Uzi usiokatika uko kwa mke. Mtaani aliweza kuitwa kwa jina la mumewe, lakini kwenye hati alibaki binti wa babake mpaka kaburini. Mwaka 1668 Antoine alimwoa Marie Major, mmoja wa wasichana wapatao 800 waliosafirishwa kwa gharama ya mfalme kati ya 1663 na 1673, na ndoa haikumpokonya u-Major wake. Sajili ya ndoa ya parokia kwa kawaida ilitaja pia wazazi wa maharusi, kila mama kwa ubini wake wa kuzaliwa, hivyo ndoa moja ilifungua mlango wa mbili zilizoitangulia. (Msomaji aliyezoea "binti Fulani" hatashangaa mke kubaki na jina la babake, kigeni kwake ni mama huyo kutajwa kwenye ndoa ya mwanawe.) Ndiyo maana watafiti wa Chuo Kikuu cha Montréal, walioanza kuziunganisha sajili hizo mwaka 1966, walizijenga upya familia kwa kuoanisha jina la mume na la mke.

Mtazame Alphonse Desjardins, aliyeanzisha chama cha akiba na mikopo cha Lévis mwaka 1900. Wazazi wake ni François Roy dit Desjardins na Clarisse Miville dit Deschênes: majina manne ya ukoo kwa watu wawili. Ukimtafuta François peke yake utapotea katika msitu wa akina Roy. Mweke Clarisse kando yake, naye anaonekana. Na lakabu ile iliyotaka kufagiliwa ndiyo inayotenga tawi hili na akina Roy wengine wasio na udugu nalo.

Njia hii ina mpaka mchungu. Mwanahistoria Marcel Trudel alihesabu watumwa wapatao 4,200 katika Quebec ya zamani, theluthi mbili hivi wakiwa wenyeji wa asili wa Amerika na wengi wa waliosalia watu wa asili ya Kiafrika. Padri aliwabatiza, akaandika jina la ubatizo na la mmiliki. Wazazi mara nyingi hawakutajwa. Marie-Josèphe Angélique, mtumwa aliyenyongwa Montréal mwaka 1734 baada ya kuhukumiwa kwa shtaka la kuuchoma mji, ameacha jalada nene la kesi. Bibi aliyemmiliki anajulikana kwa ubini wake wa kuzaliwa, Thérèse de Couagne, na kwa ule wa marehemu mumewe, Francheville. Angélique hana hata mmoja.