Watu Sita au Watano? Nyumba za Oxford House na Haki ya Makazi Nchini Marekani, 1975–1995

Historia ya nyumba za upataji nafuu huelezwa aghalabu kama historia ya tiba. Sehemu hii inadai kwamba, kwa upande wa Oxford House, ni historia ya haki ya makazi pia.

Mwaka 1975, serikali ya kaunti ya Montgomery, jimboni Maryland, iliifunga nyumba ya mpito ya walevi mjini Silver Spring ili kubana matumizi. Wakazi wake, akiwamo Paul Molloy, waliikodi wenyewe. Waliondoa msimamizi wa kulipwa na kujiwekea masharti matatu: nyumba iongozwe kwa kura za wakazi, kila mmoja achangie gharama, na anayerudia ulevi au dawa za kulevya aondoke.

Mwaka 1988, Bunge la Marekani lilizitaka serikali za majimbo kuanzisha mifuko ya mikopo isiyozidi dola 4,000 kwa nyumba za aina hiyo. Mkopo ulitolewa kwa kundi la watu wasiopungua sita. Hata hivyo, kanuni za mji wa Edmonds, jimboni Washington, ziliruhusu watu watano tu wasio na udugu kuishi pamoja katika mtaa wa familia. Hivyo, kundi lililotimiza sharti la mkopo lilivunja kanuni ya mji.

Mgogoro huo ulifika Mahakama Kuu ya Marekani. Mwaka 1995, majaji sita dhidi ya watatu waliamua kwamba kanuni hiyo ilihusu maana ya familia, wala haikuweka kikomo cha idadi ya wakazi. Kwa hiyo haikuepuka sheria inayokataza ubaguzi katika makazi. Mahakama haikuamua iwapo Edmonds ilibagua.

Ikumbukwe kwamba sheria hiyo humlinda mraibu aliyeacha, si anayeendelea kutumia dawa haramu. Kwa hiyo sharti la kumwondoa anayerudia lilidumisha nidhamu ya nyumba na, papo hapo, likaimarisha madai yake mbele ya sheria. Gharama yake ilimwangukia aliyeteleza: alipoteza makazi wakati alipoyahitaji zaidi. Utafiti unaopima mafanikio kwa kuwahesabu waliobaki pekee utakuwa umeisimulia nusu tu ya historia hii.