Gofu Lililogeuka Nyumba: Historia na Kazi ya Mwanamke katika It's a Wonderful Life

Filamu ya It's a Wonderful Life, iliyoongozwa na Frank Capra na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini New York mnamo Desemba 1946, aghalabu huhakikiwa kama ngano ya Krismasi. George Bailey anakata tamaa na kutaka kujiua. Malaika anamwonyesha jinsi mji wa Bedford Falls ungalivyokuwa lau hangalizaliwa. Naye anarejea kwa familia yake akiwa na furaha. Usomaji huo si wa makosa, ila unaupuuza mhimili mmoja wa masimulizi, yaani nyumba kuukuu ya Granville. Makala haya yanadai kwamba historia ya nyumba hiyo ndiyo inayobainisha kazi iliyoizaa furaha ya tamati, na kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo ni ya Mary, mkewe George.

Nyumba hiyo inaingizwa katika masimulizi mwaka wa 1928 ikiwa gofu ambalo vijana huyavunja madirisha yake kwa mawe huku wakinuia jambo. George ananuia kuuhama mji, na anaapa kwamba hangeishi humo hata kama mzuka. Mary naye anarusha jiwe lake lakini haitamki nia yake. Siku ya arusi yao, katika miaka ya mdororo mkuu wa uchumi, wateja wanakifurikia chama cha akiba na mikopo ya nyumba anachokisimamia George, nao maarusi wanatoa dola 2,000 za fungate ili kukiokoa. Tukio hilo lina mizizi katika historia: kati ya 1930 na 1933 takriban benki 9,000 zilifungwa nchini Marekani. Usiku huo Mary anamkaribisha mumewe katika gofu lile lile, huku paa likivuja na mabango ya nchi za mbali yakiwa yamebandikwa kuziwakilisha safari zilizopotea. Hapo ndipo anapofichua kwamba hilo ndilo alilolinuia.

Watazamaji wa 1946 hawakuhitaji kufafanuliwa thamani ya nyumba. Askari waliorejea kutoka vitani walikumbana na uhaba mkubwa wa makazi, na familia nyingi zililazimika kuishi kwa jamaa zao. Kwa hiyo mgogoro baina ya George, anayewajengea wanyonge nyumba katika mtaa wa Bailey Park, na Potter, tajiri anayewapangisha vibanda, uligusa suala la siku hizo. Hata hivyo, wakati George anapowajengea wengine, ni Mary anayelikarabati gofu lao siku baada ya siku huku akilea watoto wanne.

Ukinzani unajitokeza katika ulimwengu usio na George. Humo nyumba ni gofu tena, na Mary ni mkutubi mpweke na mwoga. Mantiki ya njozi hiyo inampa mume sifa ya ukarabati ambao filamu yenyewe imeuonyesha mikononi mwa mke. Lakini tamati inalirekebisha hilo kwa kiasi. Dola 8,000 zilizopotea zinafidiwa kwa mchango wa wanamji kwa sababu Mary amewaendea na kuwaeleza shida ya mumewe. Kadhalika, kirungu cha ngazi kinachong'oka kila mara, ambacho awali kilimghadhibisha George, sasa anakibusu. Nyumba haijakamilika, kilichobadilika ni jicho linaloitazama.

Filamu yenyewe ilipitia hali kama hiyo. Mapato yake ya awali hayakukidhi gharama, na hakimiliki yake ilikoma 1974 kwa kutohuishwa. Vituo vya televisheni vikaionyesha mara kwa mara bila kuilipia, hata ikawa ada ya Krismasi.

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mhakiki anayeuona muujiza wa malaika pekee humwona aliyeokolewa, lakini hamwoni aliyekuwa akiziba nyufa kwa miaka yote hiyo.