Kwa nini bahari humulika usiku?

Mkazi wa Upplands Väsby, mji ulio kaskazini mwa Stockholm nchini Uswidi, anayetaka kupiga kafi usiku ili aone maji yakimulika hana budi kusafiri. Maji ya Ziwa Mälaren, yanayofika hadi mjini hapo, hayana chumvi. Nuru hiyo, ambayo Waswidi huiita mareld, ni ya baharini.

Chanzo chake ni planktoni, viumbe wadogo wanaoelea majini. Anayejulikana zaidi ni Noctiluca scintillans, kiumbe wa seli moja asiyezidi upana wa milimita 2. Maji yanapotikiswa na kafi, wimbi au samaki, kemikali iitwayo lusiferini huungana na oksijeni, na mwanga wa buluu hutokea kwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Wataalamu wengi wanaamini kwamba mwanga huo humshtua adui anayetaka kumla kiumbe huyo.

Nchini Uswidi, mahali pazuri pa kuutazama ni pwani ya magharibi, katika eneo la Bohuslän, kuanzia mwezi Agosti hadi vuli. Mwezi Juni usiku hauwi na giza la kutosha.

Katika Bahari ya Baltiki, ambayo chumvi yake ni kidogo sana, nuru huonekana mara chache. Huko huweza kutokana na Alexandrium ostenfeldii, aina ya planktoni itengenezayo sumu. Sumu ya aina hiyo hujikusanya katika kome, na humpooza misuli anayewala.

Wavuvi wa Afrika Mashariki nao huiona nuru ya planktoni usiku wa giza. Lakini mwezi Januari mwaka 1995, meli ya Lima ilipita katika maji meupe kama maziwa karibu na Somalia. Picha za satelaiti, zilizochambuliwa na wanasayansi wa Marekani na kutangazwa mwaka 2005, zilionyesha eneo la kilomita za mraba zipatazo 15,000. Mwanga huo, unaodhaniwa kuwa wa bakteria, ulidumu bila maji kutikiswa.

Anayekwenda kuitazama nuru kwa mtumbwi asiende peke yake, avae jaketi la kuokolea maisha, na awe na tochi ya kuvionya vyombo vingine. Katika maji ya baridi ya Uswidi, anayeanguka huishiwa nguvu upesi.