Feni Yenye Mabwana Wawili

Feni ya kiyoyozi isiyokubali kuzimika ni ugonjwa wa siku nyingi katika nyumba za Marekani. Ubaridi umeshakata, kompresa ya nje imenyamaza, lakini hewa inaendelea kuvuma kwenye matundu ya dari usiku kucha. Fundi akifika hutazama ukuta kwanza. Kwenye themostati, kile kidhibiti cha joto kilichofungwa hapo, kuna swichi ndogo ya feni yenye nafasi mbili: moja ya kuzunguka mfululizo, nyingine ya kuwaka na kuzima pamoja na ubaridi. Kama mtoto aliisogeza, kazi imekwisha. Kama haikuguswa, itabidi mtambo ufunguliwe, na ndani yake mna zaidi ya karne moja ya uvumbuzi, kila kizazi kikiwa kimeongeza swichi yake juu ya ile iliyokuwapo.

Kisa chenyewe kinaanzia kwenye joto. Mwaka 1830 Andrew Ure, mkemia wa Uskoti aliyekuwa akishughulika na viwanda vya nguo, alisajili hataza ya kifaa cha metali mbili zilizoshikanishwa. Joto likipanda, metali moja hutanuka kuliko mwenzake, kipande kizima kikapinda, na kule kupinda kukafungua au kufunga njia ya hewa. Miaka mitano baadaye Joseph Henry wa Marekani alikuwa tayari anaonyesha namna ya kutumia umeme mdogo, kwa njia ya sumaku, kuamuru mkondo mkubwa. Hiyo ndiyo rilei. Vitu hivyo viwili, metali inayopinda na sumaku inayovuta, ndivyo vilivyoiendesha feni ya nyumbani hadi zama za elektroniki.

Vilichelewa kukutana. Katika chuo cha ualimu cha Whitewater, Wisconsin, Profesa Warren Johnson alichoshwa na mhudumu aliyekatiza vipindi vyake kuja kusoma kipimajoto, kisha akateremka chini kurekebisha joto la jengo. Mwaka 1883 Johnson alipata hataza ya themostati ya umeme iliyopiga kengele huko chini. Kengele ilipeleka habari tu. Aliyewasha na kuzima alikuwa bado mtu. Huko Minneapolis, Albert Butz alimwondoa mtu huyo mwaka 1885: nyumba ikipoa, mota yake ilinyanyua kifuniko cha tanuri la makaa ya mawe lililopasha nyumba joto, hewa ikaingia na moto ukakolea. Kampuni iliyotokana na kazi yake ndiyo iliyokuja kuitwa Honeywell.

Matanuri hayo hayakuwa na feni. Hewa ya moto ilipanda yenyewe hadi vyumbani. Feni za umeme zilipoanza kufungwa humo, hasa katika miaka ya 1930, mafundi waligundua kwamba haziwezi kutii themostati ya ukutani moja kwa moja. Feni ikianza pamoja na moto, inawapulizia watu hewa ya baridi. Ikizima pamoja na moto, joto linabaki limefungiwa ndani ya chuma. Dawa ikawa swichi ya pili, yenye ulimi wa metali uliochomekwa tumboni mwa tanuri. Feni ilisubiri tanuri lipate moto ndipo izunguke, na iliendelea kuzunguka baada ya moto kuzimwa mpaka chuma kipoe. Kwa hiyo feni kuendelea kuzunguka baada ya kila kitu kingine kusimama lilikuwa jambo lililopangwa, tena la usalama.

Ubaridi ulikuwa ukija kwa njia nyingine. Willis Carrier alichora mtambo wake mwaka 1902 kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, ambako unyevu ulitanua karatasi na kufanya rangi zisikae mahali pake. Nyumba za kawaida zilisubiri mpaka baada ya Vita Kuu ya Pili. Wakati huo familia nyingi tayari zilikuwa na tanuri, feni na njia za hewa, kwa hiyo wajenzi walifuata njia ya bei nafuu: waliweka koili ya baridi juu ya tanuri na kuiacha feni ileile ifanye kazi zote mbili.

Hapo ndipo feni ilipopata mabwana wawili. Wakati wa baridi iliamriwa na swichi ya tanuri. Wakati wa joto tanuri halina moto, kwa hiyo swichi ile haina la kusema. Ikaongezwa rilei inayopokea amri kutoka ukutani kwa umeme wa volti 24. Kwa desturi waya mwekundu huleta umeme, wa njano huita kompresa, wa kijani huita feni.

Fundi anayetafuta kosa huifuata njia hiyohiyo. Huchomoa waya wa kijani kwenye themostati. Feni ikisimama, kosa liko ukutani. Ikiendelea, huchomoa upande wa pili wa waya, kule kwenye mtambo. Ikisimama sasa, waya umechubuka mahali fulani na kugusana na mwekundu. Ikiendelea bado, macho huhamia kwenye rilei: kila inapofunga na kufungua, cheche hula ncha zake, na siku moja ncha hizo huungana kama zilizochomelewa. Ukiigonga kwa mpini wa bisibisi huenda ikaachia, lakini itashika tena. Dawa yake ni kuibadilisha. Katika matanuri ya zamani kuna pia kitufe cheupe kwenye swichi ya tanuri: kikisukumwa ndani, feni inazunguka bila kukoma, hata ukutani paseme nini. Na katika mitambo ya baadaye, tanuri likizidi joto, labda kwa sababu ya kichujio kilichoziba vumbi, ubao wa saketi huiwasha feni makusudi ili kulipoza.

Kuzima feni kuna faida nyingine mbali na bili ya umeme. Watafiti wa kituo cha nishati ya jua cha Florida walionyesha kwamba kompresa ikisimama huku feni inazunguka, maji yaliyojikusanya kwenye koili huwa mvuke tena na kurudi vyumbani. Katika jimbo lenye unyevu kama lile, nyumba hubaki na fukuto ingawa kipimajoto kinaonyesha ubaridi.

Viyoyozi vya ukutani, vilivyoenea Japan kuanzia miaka ya 1960 na ambavyo leo ndivyo vinavyojulikana zaidi Dar es Salaam na Mombasa, viliachana na tanuri na feni yake ya pamoja. Vingi huacha feni izunguke kwa dakika kadhaa baada ya kuzimwa kwa rimoti, ili koili ikauke isiote ukungu. Dakika hizo zikipita na feni bado inazunguka kwa kasi yote, mara nyingi hakuna rilei ya kugonga: katika vingi mwendo wa feni huamuliwa na kijisehemu cha elektroniki kwenye ubao wa ndani, na kikiungua huupitisha umeme moja kwa moja hadi swichi kuu izimwe. Wapo mafundi wanaobadilisha kijisehemu hicho peke yake kwa chuma cha kuchomelea risasi. Wengine hubadilisha ubao mzima.