Origami ya DNA katika Tiba

DNA inayozungumziwa hapa haibebi urithi wa mtu yeyote. Hupangwa maabara ili ishikilie vitu: protini, dawa au vipande vya virusi, kila kimoja mahali pake palipopimwa. Watafiti waliichagua kwa sababu sheria zake ni chache na hazigeuki. Ina besi nne; A hushikana na T, C hushikana na G. Uzi maradufu una unene wa nanomita 2, na kutoka jozi moja ya besi hadi inayofuata ni nanomita 0.34. Nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Anayejua mpangilio wa besi anaweza kukokotoa, kabla hajagusa chupa yoyote, uzi utapinda wapi na kuishia wapi. Protini hazitabiriki kwa urahisi huo.

Wazo lenyewe lilitoka kwa mtu aliyekuwa na shida nyingine kabisa. Nadrian Seeman alikuwa mtaalamu wa fuwele, na kuna protini zilizokataa katakata kuganda ziwe fuwele ili azichunguze kwa eksirei. Mwaka 1980, akiwa Albany katika jimbo la New York, alikumbuka mchoro wa M. C. Escher wenye samaki waliojipanga safu kwa safu, juu, chini na kando. Akaona kwamba makutano ya nyuzi za DNA yanaweza kupangwa vivyo hivyo, yakawa kimia cha kushikia protini zile kaidi. Alichapisha wazo hilo mwaka 1982. Mwaka 1991 yeye na Junghuei Chen walitengeneza mchemraba wa DNA, lakini fuwele ya DNA aliyoikusudia haikupatikana mpaka mwaka 2009.

Kilichoifungulia tiba mlango ni njia ya Paul Rothemund wa taasisi ya Caltech, iliyochapishwa mwaka 2006 na kupewa jina la origami, sanaa ya Wajapani ya kukunja karatasi. Huchukuliwa uzi mmoja mrefu wa virusi vya M13, ambavyo hushambulia bakteria tu, wenye besi zaidi ya 7,000. Huongezwa nyuzi fupi zaidi ya 200 zilizotengenezwa kwa mashine. Kila uzi mfupi hushika sehemu za uzi mrefu zilizo mbali na kuzivuta zikae pamoja, kama pini za fundi cherehani kwenye kitambaa kilichokunjwa. Mchanganyiko huwekwa katika maji yenye chumvi ya magnesiamu, hupashwa moto hadi karibu sentigredi 95, kisha huachwa upoe polepole. Magnesiamu ni ya lazima: nyuzi za DNA zina chaji hasi na husukumana, na bila chumvi hiyo umbo hufumuka. Ndani ya tone moja hutokea mabilioni ya maumbo yanayofanana, na hakuna mkono uliokunja hata moja. Rothemund alitengeneza nyota, nyuso zinazotabasamu, hata ramani ya bara la Amerika.

Mwaka 2012, Shawn Douglas, Ido Bachelet na George Church wa Harvard walitengeneza pipa la DNA lenye urefu wa nanomita 45 hivi. Lilifungwa kwa aptama, yaani vipande vya DNA vinavyotambua protini maalumu. Pipa likikutana na seli yenye protini zinazotakiwa, kufuli hulegea na kingamwili zilizofichwa ndani hujitokeza. Yote hayo yalifanyika kwenye seli za maabara.

Hatua ya kuingia kwenye mwili wa mnyama ilionekana wazi mwaka 2018, katika kazi ya watafiti wa Beijing na Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona. Walichukua shuka la DNA la nanomita 90 kwa 60, wakaligundisha thrombini, protini inayogandisha damu, kisha wakalikunja liwe mrija na thrombini ndani. Thrombini ikiachiwa ovyo katika damu inaweza kuua. Kwa hiyo mrija ulifungwa kwa aptama inayotambua nukleolini, protini inayopatikana juu ya seli za mishipa ya damu inayolisha uvimbe wa saratani. Panya walidungwa. Mirija ilipofika kwenye uvimbe ilifunguka, damu ikaganda kwenye mishipa ile, na uvimbe ukakosa chakula. Kwa nguruwe wadogo waliotumika kupima usalama, damu haikuonyesha mabadiliko ya kuganda.

Wengi husifu kule kufunguka na kufunga. Kwa maoni yangu, umbali ndio wenye thamani zaidi. Seli haisomi tu aina ya molekuli iliyoigusa. Husoma pia molekuli ziko ngapi na zimekaribiana kiasi gani. Mwaka 2020 watafiti wa MIT walibandika antijeni (sehemu inayotambuliwa na kinga) ya VVU iitwayo eOD-GT8 kwenye maumbo ya DNA, wakibadilisha idadi na nafasi. Seli B za kinga ziliitika vizuri zaidi antijeni zilipotengana kwa nanomita 25 hadi 30. Antijeni hiyo hiyo, ikipelekwa kwa mRNA bila DNA ya kukunjwa, imejaribiwa kwa watu wa Rwanda na Afrika Kusini. Katika Taasisi ya Karolinska, Sweden, kundi la Björn Högberg lilipanga peptidi sita katika umbo la pembe sita ili kukusanya vipokezi vinavyoiamuru seli ijiue. Peptidi hufichwa katika damu ya kawaida na kujitokeza penye asidi, pH 6.5, kama ilivyo karibu na uvimbe. Katika matokeo ya mwaka 2024, ukuaji wa saratani ya matiti kwa panya ulipungua kwa hadi asilimia 70.

Kati ya panya na wodi kuna kikwazo kikubwa, nacho ni mwili wenyewe. Damu ina magnesiamu kidogo mno kulinganisha na chupa ya maabara, na imejaa vimeng'enya vinavyokatakata DNA ngeni. Kinga nayo hutambua baadhi ya mipangilio ya besi kama dalili ya bakteria. Kinachonusurika huishia kwenye ini au figo. Kuvika umbo koti la kemikali ziitwazo oligolisini na PEG huliongezea muda, lakini koti likiwa zito hufunika hata ile aptama inayotakiwa kutambua kitu.

Bei ya kutengeneza maumbo haya, kwa upande wake, imeanza kushuka. Mwaka 2017 kundi la Hendrik Dietz wa Munich lilionyesha kwamba bakteria wanaweza kuzalisha nyuzi zote, ndefu na fupi, ndani ya tangi. Hata hivyo, dawa iliyoidhinishwa ya origami ya DNA bado haipo. Kinachouzwa tayari ni vipimo: vipande vya origami vyenye alama za kung'aa katika umbali unaojulikana, vinavyotumiwa na maabara kuhakiki hadubini zao.