Mtoto Akikinzana na Sheria: Hivi Ndivyo Anavyopimwa Kabla Hakimu Hajaamua

Chukulia watoto wawili wa miaka 15 wamekamatwa kwa kuiba simu sokoni. Mmoja anasoma, anaishi kwa bibi yake, na polisi hawamjui. Mwenzake aliacha shule siku nyingi, analala stendi na anavuta gundi. Kosa ni lile lile. Je, wapewe amri moja?

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtu aliye chini ya miaka 18 kuhukumiwa kifungo. Mahakama ya Watoto inaweza kumwachia kwa masharti, kumweka chini ya uangalizi, au kumpeleka shule ya maadilisho kama ile ya Irambo, Mbeya. Ili hakimu achague, afisa ustawi wa jamii huandaa ripoti ya uchunguzi wa kijamii: nyumbani kukoje, shule ikoje, na nini kilimfikisha dogo hapo.

Kazi ngumu iko kwenye ripoti hiyo. Afisa aangalie nini hasa? Akifuata hisia zake tu, mtoto mwenye adabu mbele ya wakubwa atapona, na mkimya au mjeuri ataumia.

Nchini Canada, wanasaikolojia Robert Hoge na Don Andrews walitengeneza dodoso linaloitwa YLS/CMI, ambalo limeenea nchi nyingi. Lina vipengele 42 kwenye maeneo 8: makosa ya nyuma na ya sasa, familia na malezi, shule au kazi, marafiki, ulevi na dawa za kulevya, matumizi ya muda wa ziada, tabia, na mtazamo wa mtoto kuhusu sheria na msaada.

Afisa huongea na mtoto, huongea na mzazi, husoma kumbukumbu za shule na polisi, kisha anaweka alama palipo na tatizo. Kwa mizani ya awali, alama 0 hadi 8 ni hatari ndogo ya kurudia kosa, 9 hadi 22 ya wastani, 23 hadi 34 kubwa, na kuanzia 35 kubwa sana. Nguvu za mtoto nazo huandikwa: ana kipaji cha mpira, ana shangazi anayemsikiliza. Afisa anaruhusiwa kutofautiana na hesabu, ila aeleze kwa nini.

Alama hizo hazisemi mtoto ni mbaya kiasi gani. Zinasema asaidiwe kwa nguvu kiasi gani na wapi. Mwenye alama nyingi ndiye anayestahili muda mwingi wa afisa. Mwenye chache aachwe arudi darasani, maana tafiti nyingi zimeonyesha kwamba ukimchanganya mtoto wa hatari ndogo na waliokubuhu, unamharibu. Yule wa bibi akikaa mahabusu miezi kadhaa akisubiri kesi, anapoteza masomo na anapata marafiki wapya, tena wa aina ile ile dodoso linayoihesabu kama tatizo.

Hapo ndipo penye mtego pia. Umaskini, mzazi mmoja, kukosa ada: haya ni mahitaji, siyo makosa. Mahakama ikiyasoma vibaya, mtoto wa stendi atafungiwa muda mrefu kwa sababu tu hana kwao, huku wa kishua aliyefanya jambo zito zaidi akirudi nyumbani. Ukubwa wa amri unapaswa kulingana na kosa. Dodoso lipange msaada, basi.

Jambo jingine ni mazingira. Maswali yaliyoandikwa Ottawa yanadhani kila mtoto ana shule ya karibu na mtu mmoja anayemlea. Mtoto anayelelewa na ukoo mzima, leo kwa mjomba kesho kwa shangazi, anaweza kuonekana hana malezi wakati anayo tele. Ndiyo maana chombo cha aina hii lazima kijaribiwe kwa watoto wa hapo hapo kabla alama zake hazijaaminiwa.

Upimaji haufanyiki mara moja tu. Hurudiwa baada ya muda, na hapo afisa huangalia zaidi maeneo yale 7 yanayoweza kubadilika: amerudi shule? Gundi ameacha? Anatembea na nani siku hizi? Kumbukumbu ya makosa ya zamani ndiyo pekee haifutiki kwa juhudi za mtoto.