Nani Aruhusiwe Kuingia Porini?

Anayeokota chakula porini anahitaji mambo mawili: akijue, na aruhusiwe kukifikia. Wengi wanaoandika juu ya desturi hii huvutiwa na la kwanza. Mimi naamini la pili ndilo linaloamua kama desturi itaishi au itakufa, na naliona hilo nikiwaweka pamoja Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, Tanzania, na Wafini wanaookota uyoga majani yanapopukutika.

Tuanze na elimu yao, kwa maana kote kuwili ni pana. Mwanamke wa Kihadzabe huchimba mizizi kwa mti uliochongwa ncha na kukazwa kwa moto. Mizizi hiyo huchomwa kidogo, ikatafunwa, nyuzi zikatemwa. Watoto wangali wadogo huokota wenyewe ubuyu na matunda. Wanaume humpigia mluzi ndege anayewaongoza kwenye asali, na utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa wakiwa naye huyaona makazi ya nyuki kwa kasi zaidi ya mara tano. Mwanaanthropolojia Kristen Hawkes na wenzake nao waligundua kuwa mama anapokuwa na mtoto mchanga, uzito wa watoto wake wakubwa hufuata juhudi za bibi yao katika kuchimba.

Ufini, msimu hukolea Septemba na kuendelea mpaka theluji ianguke. Kuna uyoga mkali kama pilipili ambao huchemshwa, maji yakamwagwa, ndipo ukahifadhiwa kwa chumvi. Kuna mweupe wa kupendeza unaoharibu ini, na dalili zake huchelewa kwa saa nyingi, sumu imekwisha kuenea mwilini. Zamani watu wa magharibi mwa nchi hawakuujali sana uyoga. Waliouthamini ni wa mashariki. Baada ya vita na Muungano wa Kisovieti, zaidi ya watu 400,000 wa Karelia, upande huo wa mashariki, walihamishiwa ndani ya nchi, nao wakaja na mapishi yao. Elimu ilihama pamoja na watu kwa sababu msitu waliouendea ulifanana na waliouacha.

Kwenye ruhusa ndipo njia zinapoachana. Ufini, mtu yeyote anaweza kuokota uyoga katika msitu wa mwenzake bila kubisha hodi, mradi asikaribie ua wa nyumba wala asikanyage mazao. Yaeda ilibidi iwe kinyume. Mwaka 2011, wakisaidiwa na shirika la Ujamaa Community Resource Team, Wahadzabe walipata hatimiliki ya kimila ya pamoja kwa zaidi ya hekta 20,000, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Huko mlango uko wazi kwa wote. Huku umewekewa mwenyewe.

Ajabu ni kwamba ndani ya milango hiyo tabia zinageuka. Mfini, aliyefunguliwa msitu mzima, humficha hata jirani mahali anapookotea. Mhadzabe, ambaye ardhi yake imewekewa mpaka, akirudi kambini na nyama hugawana na wenzake. Hapo simwoni mchoyo wala mkarimu; kinachozitofautisha sheria hizo ni kile anachofanya anayeingia. Anayeingia msitu wa Ufini na ndoo hutoka na uyoga, na miti hubaki imesimama. Anayeingia Yaeda kutoka nje mara nyingi huja na jembe, shoka au ng'ombe, na akishafyeka, mizizi na nyuki havirudi msimu ujao. Uwazi unaomlisha Mfini ungemuua Mhadzabe kwa njaa.

Gharama ya kukosa ulinzi huo imeandikwa upande wa pili, wilayani Hanang. Katika nyanda za Basotu, shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba ya ngano ya takribani ekari 100,000 katika malisho ya Wabarabaig. Kijiji cha Mulbadaw kilishinda kesi dhidi ya shirika hilo katika Mahakama Kuu, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua ushindi huo. Mfugaji anayehama na majira, sawa na mwokotaji, haachi matuta wala uzio, kwa hiyo ardhi anayoitegemea huonekana haina mtu.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaotaka tuige sheria ya Ufini neno kwa neno, wala na wanaodhani elimu ya porini itaokolewa kwa kuandikwa vitabuni peke yake. Kijiji kinapokaa kupanga matumizi ya ardhi, tuwaulize kwanza akina mama wanaochimba na vijana wanaofuata asali: mnapita wapi, mnachukua nini, mwezi gani? Majibu yao yaingie kwenye ramani na muhtasari wa mkutano kwa uzito uleule wa shamba la mahindi. Kuokota ni kutumia ardhi, na anayeitumia ana haki juu yake.